Marehemu wa Kona ya Magogo

"Nipe kalamu," mzee alisema.

Dinah Nanjala alikuwa amepiga magoti akifuta vumbi kwenye mfano mdogo wa chelezo uliowekwa katikati ya chumba: magogo kumi na mawili, kila moja na unene wa mchi, yamefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Hakuinua kichwa. Wageni wa Jumamosi wana maombi mengi. Choo kiko wapi? Hapa kuna mtandao? Hii mbao inauzwa? Kalamu lilikuwa ombi jepesi.

"Kitabu cha wageni kiko pale mlangoni, mzee wangu. Kina kalamu yake."

"Si ya kitabu. Kuna makosa hapa kwa ubao."

Hapo Dinah aliinuka, magoti yakalia. Alikuwa amefundisha darasa la sita kwa miaka ishirini na sita kabla ya kustaafu, na hakuna neno lililomchoma kama neno makosa. Mbao zote tisa za maelezo katika makumbusho yale aliziandika yeye, kwa mkono, herufi zimelala mstari mmoja kama vitanda vya bweni siku ya ukaguzi.

"Makosa gani?"

Mzee alikuwa amesimama mbele ya ubao namba saba. Alikuwa mrefu, mwembamba, amevaa koti la suti juu ya sweta na gambuti zenye udongo mwekundu wa mlimani. Alinyoosha kidole hadi kikagusa herufi.

"Hapa mumeandika nimekufa."

Dinah alicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyocheka utani wa mgeni. Kisha akaona kwamba mzee hacheki. Kando yake alisimama msichana mwenye simu mkononi, naye alikuwa akiuma mdomo ili asicheke.

"Mwalimu, pole," msichana alisema. "Mimi naitwa Linah. Niko college hapo Kitale. Huyu ni kugo yangu, babu. Si unaona nilikuwa napitia video kwa simu, nikaona mzee fulani analia hapa kwenu, ati analilia Kipketer Ndiema wa Cheptais. Nikashtuka. Kipketer Ndiema wa Cheptais si nilikuwa nimemwacha nyumbani anapanda vitunguu?"

Dinah aligeukia ubao, kana kwamba maandishi yake mwenyewe yangemwambia jambo jipya. KIPKETER NDIEMA, 1942–1964. Mwendesha chelezo hodari na mwogeleaji asiye na mfano. Alikufa maji katika Kona ya Magogo, mafuriko ya mwezi wa tano. Mwili wake haukupatikana. Chini ya ubao kulikuwa na sanduku la kioo, na ndani yake kofia ya turubai iliyokunjamana.

"Na hiyo kofia ni ya nani?" mzee aliuliza.

"Ni yake. Yaani... ni yako. Iliokotwa majini."

"Mimi sijawahi vaa kofia maisha yangu yote. Huwa inaniwasha."

Dinah aliomba kitambulisho. Kilisema Kipketer Ndiema, amezaliwa 1942. Dinah alikisoma mbele, akakisoma nyuma, akakirudisha, akakiomba tena.

Makumbusho yale yalikuwa ghala kuukuu la mahindi lililopigwa rangi ya kijani, kwenye ukingo wa Nzoia, mahali mto unapotoka upande wa Kitale na kuanza kuinamia Bungoma. Mzee Absalom Khisa ndiye aliyeyaanzisha. Ujanani mwake alikuwa miongoni mwa vijana waliokuwa wakiteremsha magogo ya miti ya podo na sida kwa maji: magogo yanafungwa pamoja, mtu anasimama juu yake na upondo mrefu, anasukuma mwamba huku, anakwepa mti kule, hadi kwenye mashine ya mbao upande wa chini. Kisha malori yakaja, barabara ikaja, na vijana wale wakarudi mashambani. Absalom alikusanya kilichobaki: kulabu za chuma, nyundo za kupigia alama, pondo mbili zilizopasuka, picha sita. Na hadithi moja, ambayo watu waliifuata kutoka mbali. Kila Jumamosi saa tano aliisimulia, na kila Jumamosi alilia. Dinah alikuwa ameisikia labda mara mia mbili, na leso aliiweka mfukoni mapema.

Sasa ilikuwa saa tano kasorobo, na akina mama thelathini wa kanisa moja la Bungoma walikuwa wanakuja kumsikiliza.

"Mzee," Dinah alisema, akijaribu sauti ile aliyokuwa akiitumia kumtuliza mzazi aliyekuja shuleni na fimbo. "Mimi nimefurahi sana kwamba uko hai. Sana. Lakini Mzee Absalom ana miaka themanini na miwili na ana presha. Akikuona hivi hivi, bila kuandaliwa, nitalazimika kuandika ubao mwingine."

"Ndiye yule wa video? Absalom yuko hai?"

"Yuko njiani."

Mzee Kipketer alishika ukingo wa sanduku la kofia. Dinah akamsogezea kiti.

"Kaa kule ofisini kwangu mpaka wageni waondoke," alimwambia. "Nitamwambia polepole. Nitamwekea chai kwanza."

"Hapana. Nataka kusikia vile nilikufa."

"Mzee—"

"Wewe ungekuwa umekufa, hungetaka kusikia?"

Mwishowe walikubaliana. Kipketer angekaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Linah alivua shali yake akamzungushia shingoni hadi puani, akampa na miwani yake ya jua. Mzee akawa anafanana na mtu aliyetoroka hospitali ya macho.

"Na usiseme neno," Dinah alimwonya.

"Marehemu husema?" mzee alijibu kutoka ndani ya shali.

Akina mama waliingia na leso zao za bluu, wakaimba ubeti mmoja mlangoni kwa sababu walikuwa wengi na walikuwa wameamka vizuri. Kiongozi wao, Mama Phanice, mwanamke mnene mwenye sauti ya kutangaza, aliwapanga kwenye mabenchi. Kisha Mzee Absalom akaingia kwa mkongojo, mfupi, amenyoa kipara kinachong'aa, tai shingoni. Aliwasalimia wote kwa mkono, thelathini, mmoja mmoja, hata yule mgonjwa wa benchi la nyuma. Absalom aliutikisa ule mkono, akasema pole kwa ugonjwa, akapita.

Kwa Absalom, L na R zilikuwa ndugu wanaoazimana nguo, na hakuna aliyejua asubuhi nani angeamka amevaa ya nani. Watu wa huko hawakuona ajabu. Nusu ya akina mama walisema hivyo hivyo.

"Malehemu," alianza, akielekeza mkongojo kwenye ubao wa saba, "alikuwa lafiki yangu. Mimi mutu wa Bungoma, yeye mutu wa mulima. Tulikula sufuria moja. Hapa duniani sijaona mutu wa kuogelea kama yeye. Alikuwa samaki!"

"Mmh," ilisikika benchi la nyuma.

"Siku hiyo mto ulikuwa umejaa, rangi ya chai ya maziwa. Sisi tulikuwa na vyelezo viwili, moja mbele, moja nyuma, zimefungwa kwa kamba. Mimi mbele. Yeye nyuma. Tukafika hapa kwa kona. Chelezo ya nyuma ikapanda mwamba. Kamba ikavutika, ikavutika, halafu..." Aliufunga mkono ngumi, akaufungua. "Ikakatika yenyewe."

Akina mama wakasema, "Yesu."

"Nikamushika mukono. Nikamushikilia lobo saa nzima. Maji inamuvuta, mimi navuta. Akaniangalia, akasema, 'Absalom, mwambie mama yangu asilie. Na waambie watu wa mulima na watu wa Bungoma waishi kwa amani.' Ndiyo mukono ukateleza."

Hapo alitoa kitambaa, na hapo Dinah kwa mazoea alitoa leso. Mama mmoja alikuwa tayari anapenga kamasi.

"Mkono gani?" sauti iliuliza kutoka nyuma.

Vichwa vikageuka.

"Mkono wa kulia," Absalom alisema, akijifuta.

"Si wewe ulikuwa chelezo ya mbele na yeye ya nyuma, na kamba imeshakatika? Huo mkono ulikuwa na urefu gani?"

"Wewe mzee!" Mama Phanice alinguruma. "Heshimu marehemu!"

"Nauliza tu, mama. Na hayo maneno yote, ya mama yake na ya amani, aliyasema na mdomo gani, na maji ilikuwa imejaa humo?"

Linah alikuwa ameinama, mabega yanamcheza. Dinah alimkazia mzee macho kwa namna ambayo ilinyamazisha darasa la sita kwa robo karne. Haikumnyamazisha. Absalom alisimama akigugumia, uso umechanganyikiwa, kama mtu ambaye kila siku hupita njia moja na leo amekuta ua umejengwa katikati. Katika Jumamosi zote zile hakuna aliyewahi kumuuliza swali.

"Sema basi juu ya kamba," mgonjwa wa nyuma aliendelea, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka, haina mzaha tena. "Ile kamba ilikatika yenyewe?"

Nje mto ulisikika ukipita.

Mkongojo wa Absalom ulianza kugonga sakafu, taratibu. Dinah akapiga hatua kwenda kumshika. Mzee akamzuia kwa kiganja.

"Hapana," Absalom alisema. "Haikukatika yenyewe."

Akina mama walitazamana.

"Niliikata. Nilikuwa na panga. Chelezo yake ilikuwa inageuka, inanivuta chini. Nikaangalia nyuma, nikamuona anapunga mikono, anafungua mdomo, ananiomba nisimuache. Nikakata. Sikushika mukono ya mutu. Nilipiga panga mara mbili, nikaenda zangu." Machozi yake yalikuwa yanashuka, lakini haya hayakuwa yale ya kila Jumamosi; yale yalikuwa na mpangilio. "Nimejenga hii nyumba ndio nimulipe. Na bado kila wiki nasema uongo ndani yake."

Miaka minne Dinah alikuwa amefanya kazi na mtu huyu, amekunywa naye chai, amemsahihishia barua. Ubao wa saba aliuandika akikaa miguuni pake, akiamini kila neno, na hata alikuwa ameongeza yeye mwenyewe lile "asiye na mfano" kwa sababu lilikaa vizuri mwisho wa mstari.

Kisha Absalom akainua kichwa, polepole, kama mtu aliyesikia mlango. "Lakini wewe," alimwambia mgonjwa wa nyuma, "umejuaje kuuliza juu ya kamba? Hiyo kamba tulikuwa nayo watu wawili tu."

Mzee Kipketer alivua miwani. Akaivua na shali, lakini ilimshika sikioni, ikabidi Linah amsaidie, na kwa muda mtu aliyefufuka alikuwa anavutwa kichwa na mjukuu wake.

"Sikuwa nakuomba usiniache," alisema alipotokea. "Nilikuwa naita, 'Kata! Kata kamba, mjinga wewe, tutakufa wote!' Nimeita mpaka koo ikauma. Maji ilikuwa na kelele, hukunisikia. Nikasema basi, huyu Absalom ni kiziwi, tumekwisha. Halafu ukakata. Nilikushukuru, walahi, hata nikiwa kwa hewa."

Mama Phanice alikemea pepo kwa jina la Yesu, mara tatu, kwa sauti ya juu. Mwanamke mmoja alitoka mbio na kusahau kiatu. Mwingine alianza wimbo wa ufufuo, wawili wakamwitikia, na wengine waliobaki walitoa simu kupiga picha. Dinah alimkimbilia Absalom na kiti, tayari kumpokea akianguka.

Absalom hakuanguka. Alimtazama Kipketer kuanzia gambuti hadi nywele, akarudi chini tena.

"Ndiema?"

"Ni mimi."

"Miaka sitini?"

"Na moja."

"Miaka sitini na moja!" Absalom alipaza sauti, na mkongojo ukaenda juu. "Nimechinja fahali kwa ajiri yako! Mutoto wangu wa kwanza nimemuita Kipketer, jina ya mulima, na yeye Mubukusu mzima, watu wananicheka mpaka leo! Nimelia mbele ya mashule! Mbele ya maaskofu! Na wewe uko Cheptais unapanda vitunguu!"

"Vitunguu na viazi," Kipketer alisema, akirudi nyuma.

Walizunguka mfano wa chelezo mara mbili, mmoja akipiga hewa kwa mkongojo, mwingine akikwepa kwa goti lisilokunjika vizuri, jumla ya miaka mia moja sitini na tano kati yao. Dinah alipiga makofi mara mbili, makali, kama uwanjani pa shule. Wote wawili walisimama. Hata Mama Phanice aliacha kukemea.

"Kaeni chini," Dinah alisema. "Wote. Mzee Ndiema, useme ukweli, na useme wote. Nitauandika."

Wakakaa, wazee wawili kwenye benchi moja, na akina mama wakasogea karibu, kwa sababu hakuna aliyekuwa amelipa nauli kutoka Bungoma akose sehemu hii.

Kipketer alisimulia akitazama mikono yake. Chelezo kilipovunjika alilikumbatia gogo moja, nalo likamchukua mbali sana, likamtupa mahali ng'ombe wanaponywea maji. Mguu ulikuwa umevunjika. Wenye ng'ombe walimuuguza miezi mitatu. Alipoweza kusimama, msafiri mmoja alimsimulia juu ya matanga makubwa yaliyofanywa mtoni: kijana shujaa, mwogeleaji hodari, watu wakalia hadi jioni.

"Sasa hapo ndipo shida ilianza," alisema. "Mimi sikujua kuogelea."

"Ati nini?" Absalom aliuliza.

"Hata kidogo. Niliwadanganya ndio nipate kazi. Kila safari nilikuwa naomba Mungu kutoka juu mpaka chini. Nikirudi, mtanipandisha tena kwa magogo, na siku moja mtajua. Nikasema, hawa watu wameshanizika vizuri, wamesema maneno mazuri. Kwa nini niwaharibie? Nikamwambia mama yangu peke yake, tukahamia juu, mahali hakuna mto. Nilisema nitakuja mwaka unaofuata nikueleze. Mwaka ukafika, nikaona aibu. Uliofuata, aibu ikazaa. Ikifika miaka kumi unaanzia wapi?"

Absalom alikuwa amefunika uso kwa viganja. Mabega yake yalitikisika. Dinah alidhani analia, akamgusa mgongoni, ndipo akagundua kwamba mzee anacheka, kicheko kilichokwama kifuani na sasa kinatoka vipande vipande.

"Hata mimi," alisema aliposhika pumzi, "sijui kuogelea."

Kicheko kilichofuata kilitikisa mabati. Mama Phanice alilazimika kushikiliwa na wenzake. Wazee wawili waliegemeana, wakipigana makofi ya mapaja, na Kipketer alirudia mara kadhaa, "Na nilikuwa nakutegemea wewe! Nilikuwa nasema nikianguka, huyu atanitoa!"

Dinah aliuchukua ubao wa saba ukutani akauweka mezani. Alikuwa na haya, na aliiona haya yake vizuri, kama doa la wino kwenye blauzi nyeupe. Lakini chini ya haya kulikuwa na furaha isiyomruhusu kusimama mahali pamoja. Alifuta "1964" na habari zote za kifo. Alifuta "mwogeleaji". Alipofika kwenye "hodari" wazee wote wawili walisema "Hapo acha!" kwa pamoja. Akaliacha. Juu ya kamba palizuka ubishi wa dakika ishirini: ilikatwa kwa mapigo mawili au matatu, na panga lilikuwa la nani. Kofia haikupata mwenyewe. Dinah akaandika chini yake, Kofia ya mtu asiyejulikana, na hilo lilimridhisha kuliko alivyotarajia, kwa kuwa lilikuwa kweli.

Akina mama walipokuwa wakipewa chai na mandazi, Linah alimpigia nyanya yake simu, akaiweka sauti ya juu ili wote wasikie. Alimweleza yote kwa Kisabaoti na Kiswahili na Sheng, bila kupumua.

"Kumbe alikufa?" sauti ya kike iliuliza. "Kabla anioe?"

"Ndiyo, kogo," Linah alimwitikia nyanya yake.

"Na hakuniambia. Miaka hamsini na nane naishi na maiti." Nyuma yake kuku walisikika wakigombana. "Sawa. Mwambie akimaliza kufufuka arudi mapema. Ng'ombe hazitajikamua."

Kipketer aliinuka mara moja, akafunga vifungo vya koti. Amri ya nyumbani aliijua uzito wake. Alimpa Absalom mkono wa kwaheri, lakini Absalom aliupokea, akaushika, na hakuuachia.

"Unaenda wapi?"

"Nyumbani. Si umesikia."

"Tunaenda wote," Absalom alisema, akitafuta mkongojo wake chini ya benchi kwa mkono wa pili. "Nataka kuona hivyo vitunguu na macho yangu. Na huyo mama nimuombe msamaha. Mwalimu, mwambie Kipketer wangu, yule mutoto, nitalala Cheptais."

"Na presha yako?" Dinah aliuliza. "Na dawa?"

Absalom alipiga mfuko wa koti, vidonge vikalia ndani. Kisha wakatoka, Linah mbele akisimamisha bodaboda mbili, wazee nyuma wakibishana nani apande ya kwanza. Dinah aliwatazama kutoka mlangoni hadi Mama Phanice alipomvuta mkono wa blauzi. Alitaka kujua kama Jumamosi ijayo kuna nafasi, maana ana kundi lingine la akina mama, wa Webuye, na hao wana maswali.